Mistari Inayoanzia Mwisho

Jumatatu, 4 Novemba

Leo majirani wameanza kuchuma zeituni, na jioni ndugu yangu Tijani amesoma redioni kama mtoto anayejifunza herufi.

Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Kila msimu wa mavuno, baada ya magharibi, nusu ya mji wetu wa Sfax, hapa Tunisia, huwasha redio kumsikiliza: bei za zeituni na mafuta kutoka soko la Gremda, hali ya hewa, salamu kwa wachumaji, kisha hadithi fupi ya kufungia siku. Tijani haoni tangu kuzaliwa. Husoma kwa vidole, kwenye mashine ya nukta nundu inayoinua pini ndogo ndogo mstari baada ya mstari, na kwa kawaida husoma upesi kuliko mimi ninavyosoma kwa macho. Leo alikwama, akaomba radhi, akarudia, akakwama tena. Samaki wakaungua.

Aliporudi nilimwuliza kama ana homa.

"Mwenye homa ni mashine," akasema. "Jana iliniomba ijisasishe, nikaikubalia. Kifaransa kiko sawa. Kiarabu kimegeuka. Mstari unaanzia mwisho."

"Unaanzia mwisho vipi?"

"Wewe Nejiba umekuwa Abijen. Haya, Bi Abijen, soma habari nzima namna hiyo, hewani, watu wanakusikiliza."

Wenye macho husoma Kiarabu kuanzia kulia. Nukta nundu za Kiarabu huanzia kushoto, sawa na nukta nundu za lugha nyingine, na kila mtoto kipofu wa nchi hii analijua hilo kabla hajang'oka jino. Kuna mtu huko zinakotengenezwa mashine ambaye ameona vingine.

Jumatano, 6 Novemba

Nimewaandikia Punktara, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza mashine. Barua fupi, ya adabu. Wasomaji wa safu yangu gazetini wasingeamini kuwa ni yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Jibu limekuja kutoka kwa mtu anayejiita Veerle, wa huduma kwa wateja. Nalinakili hapa ili nisije nikadhani niliota: "Bibi, lugha ya Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Sasisho letu limerekebisha kosa la muda mrefu. Aidha, toleo lako la mashine limeondolewa sokoni na halitapata sasisho jingine. Tunakushauri ununue toleo jipya."

Kwa hiyo Wabelgiji wametufundisha Kiarabu! Na toleo jipya ni bei ya gari. Kuirudisha mashine kwenye programu ya zamani pia haiwezekani, inakataa yenyewe. Walichomuuzia ndugu yangu ni vidole, sasa wanavishika kwa mbali na kuvigeuza watakavyo.

Jumanne, 12 Novemba

Rafika Siala alikuja. Nilimfundisha falsafa sekondari na alikuwa mbishi. Leo anafundisha uhandisi wa kompyuta chuoni na bado ni mbishi, ila kwa sauti ya chini. Alimwomba Tijani afungue menyu, sehemu ya "Kuhusu mashine", asome. Tijani akapitisha vidole, ukurasa baada ya ukurasa, akalalamika kwamba ni maneno ya wanasheria.

"Endelea tu, kaka. Umefika kwenye leseni?"

"Nimefika. Ni ndefu kuliko msiba."

"Basi hiyo ndiyo haki yako." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, ndani ya hiyo mashine mna programu ambazo Punktara hawakuziandika. Ziliandikwa na watu wa kila pembe, wakazitoa ziwe huria, lakini kwa sharti. Ukiziuza ndani ya mashine yako, mnunuzi akikuomba msimbo chanzo, lazima umpe. Yaani maandishi yenyewe, jinsi binadamu alivyoyaandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Na mabadiliko uliyofanya wewe umpe. Na maelekezo ya kuijenga upya programu na kuisakinisha."

"Hata ile sehemu inayogeuza herufi kuwa nukta?"

"Hiyo hasa. Hiyo ni ya umma tangu zamani, wao wameikuta."

"Tukiupata huo msimbo?"

"Natafuta mahali mtu alipoandika 'geuza'. Nafuta."

Nikasimama katikati ya sebule. Nilisema kwamba huu ndio wizi wa zama zetu: unachukua kilichotolewa sadaka, unakitia kufuli, unamuuzia kipofu. Nilisema mengine pia, nayo yalikuwa mazuri.

"Mwalimu, keti kwanza," Rafika akasema. "Kazi hii haifanywi kwa kelele. Unaomba. Wanakutumia takataka. Unajaribu kuijenga hiyo takataka, unawaambia imekwama wapi. Unaomba tena. Wengi wao si wezi. Hawajui tu walichonacho."

"Hawajui walichouza?"

"Wewe unajua kilichomo ndani ya friji yako?"

Tijani alicheka mpaka akakohoa. Sikuona cha kuchekesha. Heshima aliyonayo mwanamke huyu kwa adui inanikera.

Ijumaa, 15 Novemba

Ombi limekwenda. Ameliandika Rafika. Nilitaka kuongeza aya moja, akaifuta mbele yangu.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Wachumaji wamekaa chini ya turubai na pembe zao za mbuzi za kukwanyulia zeituni bado vidoleni, wakisubiri. Tijani amekwama mara mbili tu, kwa sababu hakukuwa na bei za kusoma.

Alhamisi, 21 Novemba

Hakuna jibu. Nilimwuliza Tijani kwa nini asivae kisikizio, mashine imsomee kwa sauti naye arudie. "Nilijaribu kwa siri wiki iliyopita," akasema. "Nilikuwa kama kasuku mwenye mafua. Mtu hawezi kuhadithia kitu huku mwingine anamsemea sikioni. Kwako wewe ni sauti, dada. Kwangu mimi ile mistari ndiyo macho."

Jumanne, 26 Novemba

Punktara wametuma kifurushi. Nilipiga vigelegele. Rafika alikifungua, akatazama kidogo, akafunga.

"Hiki ni kiini cha mfumo endeshi kama kilivyo mtandaoni. Kila mtu anacho. Hawajaweka hata mstari wao mmoja."

"Wametudhihaki."

"Wametutumia takataka. Si nilikwambia? Sasa tunawaandikia nini kinakosekana."

Alikuwa na furaha, wallahi. Kama mvuvi wa pweza aliyeona mkono mmoja ukitokeza kwenye mtungi wake wa mtego.

Jumanne, 3 Desemba

Siku mbaya, lazima niiandike yote.

Bei ya wastani ya zeituni sokoni leo ilikuwa milimu 1421, dinari moja na ushei, kwa kilo. Karatasi ya soko hufika studio dakika chache kabla ya kipindi. Msaidizi huiandika kwenye kompyuta, mashine ya Tijani huipokea. Tangu Novemba amekuwa akizigeuza namba kichwani kabla ya kuzitamka. Nyingi hujitambulisha: bei haiwezi kuanza na sifuri. Hii haikujitambulisha. Chini ya vidole vyake ilikuwa 1241, bei ya kuaminika kabisa, naye kwa haraka akasahau kuigeuza, akaisoma hivyohivyo.

Watu wa mashambani walikuwa na malori tayari mbele ya vinu vya mafuta. Wanunuzi walisikia redio. Mzee mmoja wa upande wa Agareb aliuza mzigo wake wote kwa bei ya Tijani. Saa moja baadaye simu za studio zilikuwa zinawaka moto. Mmoja alimwita ndugu yangu mshirika wa wachuuzi. Mwingine alisema, "Kipofu aachiwe kusoma Kurani, si bei."

Tijani alirudi kwa miguu, kutoka mjini mpaka hapa kwetu kilomita ya sita ya barabara ya Gremda, na fimbo yake, kwenye upepo. Nilipomfungulia hakuvua koti.

"Si wewe," nikamwambia. "Ni ile kampuni."

"Sauti ilikuwa yangu, Nejiba."

Alhamisi, 5 Desemba

Lassaad, mkuu wa redio, alikuja nyumbani na keki ya makroudh, dalili kwamba ana neno chungu. Ni rafiki wa Tijani wa miaka mingi. Yeye ndiye aliyemtoa kwenye ubao wa kuunganishia simu wa hospitali, mahali ambapo nchi hii huwapanga vipofu wake wote, akamweka mbele ya kipaza sauti.

"Bei nitampa mtu mwingine asome, kuanzia kesho," akasema. "Hadithi na salamu ziendelee kuwa zako. Lakini bwana, hata hadithi unazikata vipande. Watu wanapiga wananiuliza kama unaumwa. Nitakushikia nafasi mpaka zeituni ziishe. Baada ya hapo wenye redio wataniuliza, na mimi nitakuwa sina jibu."

"Akiondoka kwenye redio anakwenda wapi?" nikauliza.

Lassaad alitazama keki. Tijani ndiye aliyejibu: "Kwenye ubao wa simu. 'Hospitali, habari za asubuhi, subiri nikuunganishe.' Bado naikumbuka."

Sikumsindikiza Lassaad mlangoni. Mwoga.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeandika makala. "Wezi wa Nukta." Nimeandika kwa siku mbili bila kuinuka, kwa Kiarabu na kwa Kifaransa. Nimeitaja kampuni kwa jina na Veerle kwa jina. Nimemwita karani wa ukoloni mpya, mwanamke anayewasahihishia Waarabu Kiarabu chao akiwa na kikombe cha chokoleti mkononi. Ni makala bora kabisa niliyoandika kwa miaka kumi.

Sikumwonyesha Rafika. Wala Tijani.

Jumanne, 10 Desemba

Inasomwa kila mahali. Imefika Beirut. Imefika Ubelgiji. Watu nisiowajua wananiita simba.

Ijumaa, 13 Desemba

Barua kutoka idara ya sheria ya Punktara. Mawasiliano yote yapitie kwao. Kampuni "inaamini imetimiza wajibu wake". Wafanyakazi wameagizwa wasitujibu.

Rafika alikuja bila kupiga simu. Hakuketi.

"Veerle aliniandikia Jumatatu asubuhi," akasema. "Kwa anwani yake mwenyewe. Alisema amewapata waliojenga ile programu, anakusanya vipande, anaomba wiki mbili. Jumatatu asubuhi, mwalimu. Jumanne wewe ukamvalisha kofia ya mkoloni mbele ya dunia nzima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza? Ulikuwa unaandika!"

"Makala inasema kweli tupu."

"Inasema kweli juu ya kampuni. Yule alikuwa mtu mmoja aliyefungua mlango kidogo, na wewe ukaupiga teke."

Nilimjibu kwamba historia haijawahi kusukumwa na watu wanaobisha hodi. Nilitaja mifano. Alinisikiliza yote, kama alivyokuwa akifanya darasani, kisha akasema, "Haya. Na Tijani anasoma nini kesho?" Akaondoka.

Jumatatu, 16 Desemba

Baridi. Siongei na mtu.

Alhamisi, 19 Desemba

Mtu wa bei anasoma vizuri. Ana sauti kama bomba jipya. Tijani sasa anajifunza hadithi zake kwa moyo kila asubuhi, ananizunguka jikoni akinong'ona, na jioni zinatoka zikiwa kavu, kama mtu anayetoa ushahidi polisi.

Jumapili, 22 Desemba

Leo nilimwambia Tijani kwamba nina makala ya pili tayari. Alikuwa anakula mchuzi wa samaki. Aliweka kijiko chini.

"Isome."

Nikasoma. Nilipofika mahali panaposema "ndugu yangu, aliyenyang'anywa nuru kwa mara ya pili", akanyoosha mkono kunisimamisha.

"Nuru gani?"

"Ni namna ya kusema."

"Dada, mimi sijawahi kunyang'anywa nuru, sijui hata inafananaje. Nimeharibikiwa na mashine. Wewe unaandika kana kwamba nimelala barabarani." Akatafuta kijiko, akakipata. "Kwenye makala ya kwanza nipo mara ngapi? Lassaad alinisomea. Nipo kama jeraha. Hakuna mahali nimesema neno. Mtangazaji wa miaka yote hii, na ndani ya makala yako mimi ni bubu."

Nikaziweka karatasi mezani.

"Unanipigania, najua. Tangu utotoni unawapiga watoto wa mtaa kwa ajili yangu. Wengine walikuwa wanakuja kucheza tu."

Makala ya pili nimeiondoa mezani. Siwezi kusema nimeichana. Lakini nimeiondoa.

Jumanne, 24 Desemba

Nimempigia Rafika kumwomba msamaha. Ilikuwa ngumu kuliko kuandika. Akasema, "Sawa, mwalimu. Idara ya sheria ina anwani, na leseni haijafutwa. Tuendelee kuomba." Anataka tuwatumie ripoti: kitu gani walituma, kinajengeka mpaka wapi, kinakosekana nini, kifungu gani cha leseni kinakidai. Hakuna sifa, hakuna tusi.

"Na Veerle?"

"Huyo si wangu kumrudisha."

"Mimi nitamwandikia."

"Wewe hapana!" akasema Tijani kutoka chumba cha pili. "Nipeni namba."

Jumatatu, 30 Desemba

Tijani amempigia Veerle, kwa namba iliyokuwa kwenye barua yake kwa Rafika. Nilikaa kando, marufuku kufungua mdomo. Alitumia sauti yake ya redio, Kifaransa chake cha ubao wa simu.

"Habari za asubuhi, Bibi. Naitwa Tijani Kammoun. Mimi ndiye yule kipofu wa 'Wezi wa Nukta'."

Upande wa pili nikasikia mwanamke akicheka kwa woga.

"Usiogope, dada yangu yupo hapa lakini nimemfunga kamba. Bibi, sijapiga kuhusu sheria, sheria ina watu wake. Nataka kukueleza jinsi ninavyosoma. Una dakika moja? Ninyi mkisoma Kiarabu mnaanzia kulia. Mimi naanzia kushoto. Ndiyo. Ndiyo, Kiarabu. Tangu shule. Wote, Bibi, kuanzia Moroko mpaka Iraki. Kidole ni kilekile kwa lugha zote, kwa hiyo wazee wetu waliamua kiende upande mmoja."

Nilidhani simu imekatika.

"Bibi? Upo?" Akasikiliza. "Hapana, hukunitukana. Hapana." Akasikiliza tena, muda mrefu, akitikisa kichwa. "Asante. Salamu kwa watoto."

Alipokata sikuweza kujizuia. "Amesema nini?"

"Amesema hakuna aliyewahi kumwambia. Na amesema ripoti ije kwa idara ya sheria, lakini iwe kamili kabisa, wasipate pa kujifichia. Yeye atawapelekea mezani."

Alhamisi, 9 Januari

Ripoti ilikwenda wiki iliyopita. Upepo wa baridi, vidole vya wachumaji vimepasuka. Miti ya upande wa barabara imebaki mitupu. Kila nikipita huitazama kama mtu anayetazama saa.

Jumatano, 15 Januari

Kifurushi cha pili. Rafika anasema sasa kuna kitu cha kweli ndani. Kinajengeka mpaka karibu na mwisho, halafu kinasimama. Kinakosekana kipande kinachowezesha mashine kuikubali programu bila kuikataa. Ameandika tena. Barua fupi kuliko orodha ya sokoni. Nimeanza kuona uzuri wake.

Jumamosi, 18 Januari

Lassaad amepita. Safari hii nilimpikia kahawa. Alisema vinu viwili vimekwisha kuzima moto, msimu unafunga mapema mwaka huu. Alisema pia kwamba anaposikia Tijani akikariri, huzima redio ya gari. Nilimwita mwoga ndani ya shajara hii. Yeye ndiye mtu pekee mjini aliyemwajiri kipofu kusema, siyo kuunganisha simu za wengine.

Ijumaa, 24 Januari

Wametuma vyote. Msimbo, mabadiliko yao, maelekezo ya kujenga, na njia ya kusakinisha. Idara ya sheria imeandika sentensi mbili kavu. Lakini chini yake kulikuwa na barua ya Veerle, kwa Rafika, kwangu na kwa Tijani. Kabla ya kuhamishiwa huduma kwa wateja alikuwa mwandishi wa programu. Mstari uliogeuza Kiarabu aliuandika yeye. Ndani ya msimbo aliacha maelezo yake, Rafika akanionyesha: "Kiarabu kilikuwa kinaonyeshwa kama lugha ya Ulaya. Kiheshimiwe mwelekeo wake."

Alitaka kutuheshimu. Aliona lugha yetu imelazimishwa kutembea kwa Kizungu, akaigeuza ili iwe huru. Kama ningekuwa mimi, kwa hasira zangu na vitabu vyangu vyote, ningeandika mstari huohuo. Tena ningeuandikia makala.

Nimeisoma barua yake mara nyingi. Hajataja "Wezi wa Nukta" hata kwa neno moja.

Jumatano, 29 Januari

Rafika ameufuta ule mstari na kuijenga programu. Ilikataa, akarekebisha, ikakataa kwa sababu nyingine, akarekebisha. Mchana ikakubali. Kisha akaweka mikono yake juu ya meza.

"Kaka Tijani, nikuambie ukweli. Ikikwama katikati ya kusakinisha, mashine inaweza isiwake tena kabisa. Hutakuwa na Kiarabu kilichogeuka, wala Kifaransa, wala saa."

"Subirini," nikasema. "Tupate mashine nyingine ya kujaribia kwanza. Kuna chama cha Tunis, kuna..."

"Wachumaji wanamaliza Jumamosi, Nejiba."

"Barua zako zote za miaka yote zimo humo ndani!"

"Na vidole ni vyangu." Akamsogezea Rafika mashine. "Twende."

Pini zote zilishuka. Mstari ukawa laini kama meza. Tijani alikuwa ameweka vidole juu yake na hakuviondoa, akingoja, uso umegeukia dirishani. Nilijikuta nimeshika bega la Rafika. Sijui muda ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha kitu kikalia tik, tik, tik, kama mvua ya kwanza kwenye bati, na vidole vyake vikaanza kutembea.

"Bismillah," akasoma. Akasimama. Akarudi mwanzo wa mstari, kushoto, akasoma tena, polepole, ingawa hakuhitaji tena kwenda polepole.

Jumamosi, 1 Februari

Kipindi cha mwisho cha msimu. Lassaad alimrudishia bei, zote. Nilisikiliza nikiwa ndani ya kinu cha mafuta cha jirani, pamoja na wachumaji waliokuja kuchukua mafuta yao, wanawake kwa wanaume, mikate mikononi, wanachovya. Tijani alisoma bei kama maji yanayoteremka. Kisha hadithi, mpya, aliyoiandika asubuhi hiyohiyo, na katikati yake alibadilisha sentensi papo hapo kwa sababu alisikia mlango wa studio ukigongwa, akamwingiza mgongaji ndani ya hadithi. Mama mmoja mbele yangu alisema, "Amepona huyu."

Mwishoni akaongeza jambo ambalo hakutuambia: yeyote mwenye mashine kama yake, popote anaposikika, aje achukue dawa.

Lassaad alimpokea nje ya studio. Tijani akamwuliza, "Msimu ujao unampa nani?" Lassaad akasema, "Usinichokoze." Akamshika mkono akampeleka kwenye gari.

Jumapili, 9 Februari

Wamekuja watu kutoka Gabes, Kairouan, mwalimu mmoja kutoka Gafsa na mkewe. Rafika anawawekea programu kwenye flashi, Tijani anawapa kahawa, mimi nafungua mlango. Wengine tunawatumia kwa mtandao. Sijafurahi hivi tangu nilipokuwa na miaka ishirini.

Ijumaa, 14 Februari

Barua pepe kutoka Oran, Algeria. Mtu anaitwa Belkacem, kipofu, mwandishi wa programu.

"Bibi Kammoun. Mnasambaza programu iliyobadilishwa. Nimeipokea bila msimbo chanzo wala ahadi yoyote ya kuutoa. Leseni mnaijua, mmeiandikia makala. Naomba msimbo kamili, pamoja na maelekezo ya kuujenga. Nahitaji kuongeza Kikabyle, lugha ya mama yangu."

Damu ilinipanda. Nilimwandikia ukurasa mzima. Kwamba sisi si kampuni. Kwamba tumefanya hivi kwa kujitolea, sebuleni, bila malipo, na mtu mwenye adabu angeanza na shukrani. Kwamba tunaamini tumetimiza wajibu wetu. Nikamsomea Tijani kwa sauti.

"Nzuri," akasema. "Nani ameiandika, idara ya sheria?"

Nikampigia Rafika. Akasema, "Ya Rabi." Alikuwa ameufuta ule mstari na kurekebisha mengine matatu manne kwa mkono, pale pale mezani kwangu, akishangilia, na hakuandika popote amefanya nini. Mwanamke aliyewadai Wabelgiji mpaka kipande cha mwisho! Anakuja kesho tuanze kukumbuka.

Jumatano, 19 Februari

Tumemtumia Belkacem tulichonacho. Amejibu ndani ya saa moja, kwa adabu kubwa, kwamba kinajengeka mpaka karibu na mwisho halafu kinasimama, na ametaja mahali. Kuna faili moja halipo. Rafika amepekua kila kona ya kompyuta yake. Anadhani alilitoa kwenye kifurushi cha Januari na kulibadilisha jina, na hakumbuki jina la kwanza wala la pili. Kama halipatikani, Wakabyle wa Belkacem watasubiri kama tulivyosubiri sisi.

Kuna mtu mmoja anayeweza kujua lilikuwa likiitwaje. Tijani amenisogezea kompyuta. "Haya," akasema, "safari hii ni zamu yako." Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Mpaka sasa nimeandika: "Mpendwa Veerle, kuna jambo tumeliharibu, na tunahitaji msaada wako."